Ukialikwa Kutazama Kauboi wa Kitaliano

Mwaliko huja kwa upole: "Njoo jioni tuangalie picha moja tu." Kama anayekualika ni mgonjwa wa zile filamu za kauboi ambazo Waitaliano walizitengeneza miaka ya 1960 na 1970, soma maelekezo haya kabla hujavaa viatu.

Usiulize hapo ni Marekani sehemu gani. Hapo ni Hispania, jangwa la Tabernas, mkoani Almería. Mwongozaji, Sergio Leone, ni mtoto wa Roma. Katika picha yake ya kwanza ya kauboi, ya mwaka 1964, alijiandika Bob Robertson. Mtunzi wa muziki, Ennio Morricone, akawa Dan Savio. Na hadithi ilichotwa bila hodi kutoka Yojimbo ya Akira Kurosawa, mpaka Wajapani wakadai chao na wakalipwa. Ukidhani kwa hoja hizo umembana mwenyeji wako, umekwisha. Yote anayajua, na atakuhesabia moja baada ya jingine kama mzee anayetaja mababu wa ukoo wake.

Usitafute mtu mwema. Katika picha hiyo ya 1964 steringi mwenyewe, Clint Eastwood, anakula pesa za pande zote mbili zinazogombea mji.

Usiguse rimoti. Midomo inasema hivi, sauti inasema vile. Runinga haina kosa. Picha zilipigwa kwanza, sauti zikaingizwa studio baadaye. Mmarekani alisema Kiingereza chake, Mtaliano akamjibu kwa Kitaliano, na kazi ikaenda.

Jihadhari na nzi. Yumo mwanzoni mwa Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968. Wanaume watatu wanasubiri treni. Kinu cha upepo kinalia kwa kukosa mafuta. Mmoja anadondokewa na maji kichwani. Badala ya kusogea anavaa kofia, maji yanajaa ukingoni, baadaye anayanywa. Mwingine nzi anamtembea usoni. Hamfukuzi kwa mkono. Anampuliza tu kwa pembe ya mdomo. Mwishowe anamnasa ndani ya mtutu wa bastola, anaziba kwa kidole, kisha anautega sikioni amsikilize akivuma. Dakika zinakwenda na hakuna risasi iliyolia. Hapa ndipo wageni hutoa simu. Usitoe, na kamwe usiseme "mbona haianzi?" Imeshaanza. Risasi zikija zitakwisha kabla hujapepesa. Leone alijua kuwa hofu yote iko kwenye kusubiri, akakusubirisha makusudi.

Vumilia mluzi. Ule wa kwenye picha za Leone ni wa Alessandro Alessandroni, aliyepiga na gitaa. Wa mwenyeji wako ni wa kwake mwenyewe, na ataupiga hadi jikoni.

Akitaja likizo ya Hispania, uliza kwanza ni wapi. Kwa ajili ya The Good, the Bad and the Ugly ya Leone, ya mwaka 1966, askari wa Hispania walichimba maelfu ya makaburi bandia mkoani Burgos. Upigaji picha ulipokwisha, nyasi zikafunika kila kitu. Mwaka 2015 washabiki walianza kwenda huko na majembe na sepetu, kwa hiari yao, kufukua uwanja wa mawe wa makaburi hayo. Unaweza kudhani umealikwa ufukweni ukajikuta unapalilia kaburi lisilo na maiti.

Usiseme "Django nimeshaiona." Utaulizwa ipi. Sergio Corbucci alitoa ya kwanza mwaka 1966, Franco Nero akiburuta jeneza kwenye tope. Ilipopata fedha, makumi ya picha zisizo na udugu nayo zikabandikwa jina hilohilo.

Njia ya kutokea. Ikifika usiku wa manane naye anaweka nyingine, sema taratibu kwamba kwa maoni yako Trinity ya mwaka 1970, ile ya Terence Hill na Bud Spencer, ya makofi na maharage, inamshinda Leone. Washabiki wakali wanaamini vichekesho vile ndivyo vilivyoiua kauboi ya Kitaliano. Viatu vyako utaletewa mkononi.