Paka Bila Mkanda

Aprili 2005, wananchi wa Wisconsin, Marekani, walikusanyika kaunti kwa kaunti kulipigia kura jambo zito: je, paka mzururaji aruhusiwe kupigwa risasi? Ndiyo 6,830, hapana 5,201. Paka, kwa kuwa hakuandikishwa, hakupiga.

Kipimo cha uzururaji kilikuwa chepesi: paka asiye mikononi mwa mwenyewe, au asiye na mkanda shingoni, huyo halali. Mkanda ukinasa kwenye ua wa jirani ukakatika, na uhai umekatika. Wapenda ndege walishangilia. Huruma yao ilikuwa nyingi, ila yote ina mabawa. Wapenda paka nao walilia kwa kwikwi, huku usiku wakiacha milango wazi ili wanao wakajitafutie kitoweo cha manyoya.

Gavana Jim Doyle akatangaza kuwa hatatia saini kamwe, maana jimbo lilishageuka kichekesho. Hoja ikafa, paka wakaendelea kuzaana. Na yule aliyemlea paka akiwa kitoto, akamchoka, akaenda kumbwaga shambani kwa mwenzake? Kwenye swali la kura hakuwemo. Kwenye foleni ya kupiga kura, sina hakika.