Mwacheni Kijana wa Kibandani

Wako watu wanamsema vibaya kijana wa kibandani, yule mwenye kompyuta iliyojaa vumbi na spika inayotikisa mtaa mzima. Husuda tu. Unampa flashi, anakuuliza, "Nikuwekee taarabu, singeli au zilipendwa?" na kabla chai yako haijapoa unaondoka na kazi za maisha ya watu chungu nzima. Ukiongeza mia mbili, anakutilia na rumba. Mtunzi gani aliwahi kuwa mkarimu hivyo kwa jasho lake mwenyewe?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na kijana anaiheshimu mno: hajawahi hata kuigusa. Haki yenyewe anaijua. Mteja akitoka bila kulipa, humkimbiza hadi kituo cha daladala akimwitia mwizi.

Mwanamuziki naye alalamike nini? Sauti yake imo kila basi. Akiugua, sisi mashabiki hatumtupi. Tunamchangia, tunapiga naye picha wodini. Akifa ndiyo kabisa: nyimbo zake zinapigwa kibandani kutwa nzima, na bei haipandi hata shilingi.