Mwongozo wa Mwombaji Tuzo Asiyetaka Kusumbuliwa na Ushindi

Ndugu Mkurugenzi, hongera kwa kuamua kwamba mwaka huu kampuni nayo ipate tuzo. Umeona picha za wenzako wameshika ngao za kioo mbele ya bango la wadhamini, roho ikakuuma. Ni haki yako. Mwongozo huu utakusaidia kuandaa maombi ambayo jaji atayasoma mpaka mwisho bila kuona pa kuweka alama.

Kazi ya kuandika mpe kijana wa masoko, siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Asiende kiwandani. Kule kuna vumbi, kelele, na watu wanaojua kilichotokea. Mhasibu naye asiguswe, maana wahasibu wana tabia mbaya ya kuuliza "kutoka ngapi?" Kijana achote maneno kwenye kipeperushi cha mwaka juzi, ambacho chenyewe kilichotwa kwenye tovuti ya kampuni nyingine.

Fomu itauliza: "Kwa maneno yasiyozidi 300, eleza tatizo mlilolitatua." Hapo eleza mwanzilishi alivyozaliwa, alivyochunga ng'ombe, alivyotembea kwenda shule bila viatu. Ukifika neno la 260 awe bado yuko darasa la tano. Jaji, ambaye hasomi maombi yako peke yake na ambaye mara nyingi anaifanya kazi hiyo usiku baada ya kazi yake halisi, atafurahi sana kuwafahamu ng'ombe wa babu yako.

Kisha zije sifa. Kampuni iwe "inayoongoza", "ya kipekee", "yenye viwango vya kimataifa". Usitaje inamwongoza nani, wala wapi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuwahi kujaza fomu ya mtandaoni inayofungwa saa sita usiku.

Namba zisikosekane, ila zisiwe na pa kuanzia. "Wateja wameongezeka kwa asilimia 300" inatosha kabisa. Ukiongeza kwamba walikuwa wawili na sasa ni wanane, umeharibu.

Iko hatari moja ambayo lazima nikuonye. Chukua mfano wa kiwanda cha kusaga sembe, tuseme kiko Morogoro. Kijana wa masoko ataandika: "Tumejikita katika kuboresha vifungashio kwa kuzingatia kuridhika kwa mteja." Safi kabisa, hakuna atakayeikumbuka. Lakini msimamizi wa zamu akiachiwa kalamu, anaweza kuandika hivi: "Mwaka 2022, katika kila mifuko 1,000 tuliyopeleka madukani, 41 ilirudi imefumuka. Tuliwalaumu wapakiaji. Kumbe tatizo lilikuwa uzi, muuzaji alikuwa ametubadilishia aina bila kusema. Tukarudisha uzi wa zamani, tukaanza kuvuta mshono wa mifuko mitano kila zamu kabla haijatoka. Mwaka 2024 ilirudi 6. Daftari la marejesho limeambatishwa."

Umeona balaa hilo? Kuna hali ya awali, kuna sababu, kuna kilichofanyika, kuna matokeo yenye mwaka, na mwishoni kuna daftari linaloweza kufunuliwa. Mbaya zaidi, kiwanda kimekiri kwamba kiliwaonea wapakiaji. Jaji akikutana na aya kama hiyo ataamka. Ifute haraka. Mwenyekiti wa bodi akiuliza kwa nini umeifuta, mwambie inachafua sura ya kampuni. Usimwambie kwamba kampuni ambayo haikuwa na tatizo 2022 haina cha kuonyesha 2024.

Tuzo zenyewe nazo chagua kwa uangalifu, kwa sababu ziko zinazopenda ushahidi kupita kiasi. Marekani wana Tuzo ya Baldrige, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge lao mwaka 1987. Katika mfumo uliotumika kwa miaka mingi, alama zote zilikuwa 1,000 na matokeo peke yake yalichukua 450. Uongozi mzima, pamoja na ile dira uliyoibandika mapokezi, uligawiwa alama 120 hivi. Kenya nako KPMG pamoja na Nation Media Group walianzisha 2008 orodha ya kampuni 100 bora za ukubwa wa kati. Hawa hawakutaka insha kabisa. Walitaka kampuni yenye mapato kati ya shilingi milioni 70 na bilioni 1 za Kenya, ilete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, basi. Mwenye vitabu viwili, kimoja cha mamlaka ya mapato na kingine cha benki, hapo alishikwa na kigugumizi asijue apeleke kipi. Uingereza nako tuzo ya Mfalme kwa biashara, iliyoanzishwa 1965 ikiwa ya Malkia, haitozi hata ada ya kuomba. Kitu cha bure kina heshima gani?

Ikitokea umeshinda pamoja na juhudi zote hizi, usikate tamaa. Kampuni ya Wallace ya Houston ilitwaa Baldrige mwaka 1990, na mwaka 1992 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Jarida la Fortune liliitaja Enron kuwa kampuni bunifu kuliko zote Marekani miaka sita mfululizo, wa mwisho ukiwa 2001. Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo ikafilisika. Ubunifu wake, ilikuja kujulikana, ulikuwa zaidi kwenye hesabu.

Kwako wewe nashauri njia fupi. Siku moja utapokea ujumbe: "Hongera! Umeteuliwa." Hukuomba, lakini wamekuona. Kipengele chako kitaitwa Kampuni Chipukizi Bora ya Suluhisho Jumuishi, Kanda ya Mashariki, na humo utakuwa peke yako. Utaambatishiwa ankara ya kifurushi cha dhahabu: meza ya watu kumi, ngao, ukurasa kwenye jarida lao, na picha na mgeni rasmi iwapo atafika. Sasa tafadhali usiwe mtu wa maswali. Usiulize majaji ni akina nani. Usiombe kuona vigezo na alama zake. Na kwa vyovyote vile usiulize nani alishindwa mwaka jana, kwa sababu utagundua hakuna, na wenye tuzo wataona hujaelewa biashara yao.

Lipia mapema upate meza iliyo karibu na jukwaa. Maandishi madogo yaliyo chini ya ankara yanasema malipo hayarudishwi, hata hafla ikiahirishwa.