Jini la Saa Nane Usiku

Shemeji kanionyesha video kwenye simu, sekunde kumi na moja tu: ukumbi wa zamani hapa Singida mjini, saa nane usiku. Duara jeupe linaelea juu ya viti, linapinda kona, linayeyukia mlangoni.

"Umeona?"

Nimeona, shemeji. Nimeona na dirisha lisilo na kioo.

Kamera ya usiku inamulika mwanga ambao macho yetu hayauoni. Chembe ya vumbi ikipita karibu na lenzi, mwanga unarudi na chembe inavimba kama chapati. Na vumbi, jamani, kwetu linakopwa? Upepo wa Singida wawekezaji wanautolea macho wafue umeme. Utashindwa kubeba kijivumbi kimoja hadi ukumbini?

"Wewe huamini chochote," akasema, akairudisha video mwanzo.

Naamini, mbona! Mkoa huu una historia yake. Miaka ya 1940 watu walikutwa wameraruliwa, ikasemwa ni simba wa kichawi, na kijiji kizima kilikuwa na shahidi aliyemwona. Upelelezi ulipoingia, waliofikishwa mahakamani walikuwa watu, na walionyongwa walikuwa watu. Simba hakupanda kizimbani hata mmoja.

Nikamwomba airudie mara ya mwisho, taratibu. Sekunde ya tisa, chini kidogo ya jini, anaonekana mlinzi. Amejifunika shuka, rungu kalifanya mto, kalala fofofo.

Hicho kipande shemeji hajamtumia mtu.