Niacheni na Samaki Wangu

Mtaani kwetu mtu anaruhusiwa kupoteza pesa na muda wake apendavyo, mradi apoteze kwa njia inayoeleweka. Kijana akichana mkeka kwa sababu ya timu ya Ulaya ambayo hata mji wake haujui, anapewa pole na soda juu. Mzee akikaa kijiweni tangu asubuhi kubishania Simba na Yanga mpaka kahawa ipoe na kazi ilale, huyo ni mwanamichezo. Dada akilia na kufuta machozi kwa kanga kwa ajili ya tamthilia ya Kituruki isiyoisha, tunapunguza sauti tusimkere. Lakini mimi, nisiyekunywa, nisiyebeti, nisiyemkopa mtu hela ya starehe, nikisema jioni hii naangalia samaki wa Uholanzi kwenye simu, ukoo mzima unaitwa kikao.

Ndiyo, samaki wa Uholanzi. Ngoja nieleze kwa mara ya mwisho, kisha tusiulizane tena.

Kuna mji unaitwa Utrecht, umekatwakatwa na mifereji. Kwenye mfereji mmojawapo kuna lango la maji la kupitishia mashua, jina lake Weerdsluis. Majira ya machipuko yakifika, samaki huanza safari ya kutafuta maji ya kina kifupi wakatage mayai, na njia yao inapita hapo hapo langoni. Taabu ni kwamba msimu huo mashua ni chache, lango halifunguliwi ovyo, na samaki hubaki wamejazana mlangoni huku ndege wakijipakulia. Mwaka 2021 wenyewe wakabuni jambo: wakazamisha kamera chini ya maji, wakarusha picha moja kwa moja kwenye intaneti, na pembeni wakaweka kitufe. Ukiona samaki, bonyeza. Picha yake inapigwa na kuwafikia wataalamu, na samaki wakiwa wengi msimamizi anafungua lango. Kengele ya mlangoni, ya samaki. Mamilioni ya watu duniani wameshachungulia kamera hiyo, na mmoja wao yuko Tabata, kavaa msuli, simu kaichomeka kwenye chaji kwa sababu betri nayo ina mambo yake.

Wanaotaka burudani ya haraka haraka wasijisumbue. Muda mwingi unachokiona ni maji ya kijani yaliyofifia, na uchafu mdogo mdogo unaoelea. Kitu kinapita, jani. Kingine, jani tena. Unapiga miayo. Halafu kutoka gizani, upande wa kushoto, inajitokeza pua ndefu, bapa, kama mdomo wa bata. Inafuatiwa na mwili wenye mabaka ya njano juu ya kijani. Ni pike, samaki mla samaki wenzake. Hana haraka. Anasimama pale pale, mapezi yanapepea kidogo tu ili maji yasimsogeze, jicho moja limekodolea kamera. Nabonyeza. Nakuapia, moyo unadunda.

Na hapo ndipo mke wangu huchagua kusema, "Baba Neema, geti linagongwa saa nzima, husikii?"

Nasikia. Ni kijana wa taka. Lakini kijana wa taka ana miguu na kesho atarudi. Mwenzake huyu ana mayai tumboni na ndege wanamwinda. Utetezi huo haukupokelewa. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea kutoka Bagamoyo, akaomba kuiona simu. Akaitazama kwa utulivu wa mtu aliyekulia ufukweni.

"Huyu analiwa?"

"Analiwa, mama, ila hawa hawaliwi. Wanafunguliwa mlango tu."

"Na wakishafunguliwa?"

"Wanakwenda zao."

Akanirudishia simu, akamgeukia binti yake, akamwambia amuombee mumewe.

Ugomvi wenyewe umezidishwa na saa. Mwezi wa nne sisi tumewatangulia Waholanzi kwa saa moja tu, kwa hiyo giza linapoanza kuingia kwao, samaki wanapochangamka, kwetu ni saa tatu usiku na ushee, saa ya tamthilia. Mtandao wa nyumba hii ni simu yangu. Bando ni langu, nimelinunua mwenyewe, lakini tamthilia ikianza kugandaganda kwenye runinga mkosaji anajulikana: yule anayeangalia maji. Kisha unaingia ule ujumbe wenye adabu za kupindukia: ndugu mteja, umetumia asilimia kadhaa ya kifurushi chako. Ndugu! Ndugu wa kweli hakutumii habari za msiba katikati ya starehe.

Lakini nisiseme uongo, kuna siku kengele ile inanitia hasira kwa sababu nyingine. Mwezi wa nne ndiyo masika yetu. Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani panazama, Barabara ya Morogoro inafungwa, na watu wazima wenye vitambulisho vya taifa wanasimama ng'ambo, viatu mkononi, wakisubiri maji yaamue. Mimi nimesimama pale. Nilitazama kushoto na kulia nikitafuta kitufe. Samaki wa Utrecht ana kamera, ana wataalamu, ana mlinzi wa lango, na ana mwanamume Tabata anayekesha kwa ajili yake. Abiria wa Jangwani ana mwavuli, tena wa kuazima.

Msimu wa samaki ukifungwa, huwa nahamia kwenye meli. Hili nitalisema kwa kifupi maana hata wenzangu wa kijiweni wamelielewa. Meli za safari za kimataifa, kuanzia zile za tani 300, zinatakiwa kubeba chombo kinachotangaza jina, mwendo na mahali ziendako, na kwenye MarineTraffic kila mtu anaziona zikijongea ramani nzima. Kwa hiyo nikikaa pale Barabara ya Ocean nikaona meli imetia nanga nje ya bandari, nafungua simu, najua imetoka wapi na ina urefu gani. Faida yake? Haina. Muuza madafu huniuliza swali hilo hilo, na mimi huwa namuuliza Yanga ikishinda yeye analipwa shilingi ngapi.

Mchezo mwingine uliotukuta nyumbani ni GeoGuessr, uliobuniwa na Msweden mmoja mwaka 2013. Unatupwa barabarani popote duniani ndani ya picha za Google, hujaambiwa uko wapi, unatakiwa utaje mahali. Mimi nilidhani ni mchezo wa wasomi, wa kutambua miti na maandishi. Wapi! Wachezaji wazoefu wanatazama gari lililopiga picha. Ukiona kando ya gari bomba la kuvutia hewa limechomoza juu, uko Kenya, usifikirie mara mbili. Ukiona mizigo ya kambi imefungwa kwenye keria, ni Mongolia. Utepe mweusi kwenye chuma cha keria, Ghana. Neema ana miaka kumi na moja na ananifunga kila siku kwa mbinu hizo, huku baba yake bado anachunguza mti kama ni mwarobaini. Fundi magari jirani yetu, ambaye kwa samaki alinicheka mpaka akakaa chini, aliposikia habari za bomba alivuta kiti. Akatueleza kwamba bomba lile ni la kulisaidia gari kuvuka maji. Wote tukanyamaza kidogo, tukiifikiria Jangwani.

Sasa tuje kwa dubu, kwa sababu hapa ndipo nyumba ilipogawanyika.

Katika hifadhi ya Katmai, Alaska, dubu wa Mto Brooks hula samoni mpaka matumbo yanakaribia kuburuza chini, maana wataingia kulala miezi mingi ya baridi bila kula kitu. Tangu 2014 watu wa hifadhi wanaweka picha zao mtandaoni, wawili wawili, na dunia nzima inapiga kura ya nani kanenepa zaidi. Anayeshindwa anatoka. Mshindi hapewi chochote na wala hajui kama ameshinda. Mzee Otis, mwenye meno pungufu, ameshachukua ubingwa mara nne. Yuko mwingine namba yake ni 747, anakadiriwa kupita kilo 600. Na mwaka 2022, kwenye nusu fainali, kulitokea wizi wa kura. Simtanii mtu. Mtu alikaa kwenye kompyuta yake akapiga kura feki kwa maelfu kumwangusha huyo 747. Waandaaji wakashtuka, wakazifuta, wakatangaza hadharani, na 747 akaendelea hadi akawa bingwa. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Habari hiyo niliipeleka kijiweni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mambo yangu haya, wazee walinisikiliza mpaka mwisho.

Mke wangu naye alinaswa hapo. Julai 2024 dume mmoja, Chunk, alimuua mtoto wa dubu jike anayeitwa Grazer. Oktoba wawili hao wakakutana fainali, na mama mfiwa akamshinda muuaji wa mwanawe kwa kura. Mama Neema, yule yule wa "geti linagongwa", alipiga vigelegele sebuleni. Tamthilia ilikuwa inaendelea na hakuna aliyeitazama.

Mwaka 2025 Chunk akarudi na taya lililovunjika, lakini mnene, akachukua ubingwa. Kura yangu ilikuwa kwake. Nilimweleza mwenzangu kwa upole kwamba tunapigia kura unene, hatupigii tabia; wanaotaka kuchagua tabia wana uchaguzi wao kwingine. Akaniuliza kama ningesema hivyo angekuwa ni Neema. Tangu hapo ugali unaletwa mezani bila maneno, na mboga inakuja baadaye, ikipenda.

Nimepata habari kwamba safari hii amejipanga. Amelipeleka suala la Grazer kwenye kikoba chake, akina mama wote wamejiandikia ukumbusho kwenye simu, na mama mkwe kule Bagamoyo, aliyeomba niombewe, naye kanunuliwa bando. Mimi nina fundi magari peke yake, naye hajaamua. Kwa hiyo wasomaji wangu, Septemba ikielekea mwisho au Oktoba ikianza, picha zitakapotoka, nawaomba mniunge mkono. Tazameni tumbo. Mambo ya ukoo tutayamaliza nyumbani.