Yah: Sifa Zinazochapwa Fort Knox

Kwa Mkuu wa Kamandi ya Rasilimali Watu,
Jeshi la Nchi Kavu la Marekani,
Fort Knox, Kentucky.

Afande,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Tanzania. Miaka yote ya kazi nilijaza ripoti za wanafunzi kwa maneno matatu: "Amejitahidi, aongeze bidii." Aliyeongoza darasa aliandikiwa hayo, na aliyeshika mkia vilevile. Nikajiona bingwa wa kuandika bila kusema kitu, hadi nilipoisoma fomu yenu ya kupima maafisa.

Fomu hiyo, DA 67-10 ya mwaka 2014, ina visanduku vinne vya mpimaji mkuu. Cha chini: hafai. Kinachofuata: anafaa. Kisha: anafaa sana. Cha juu: anafaa kupita wengine. Mzazi wa kwetu akiletewa "anafaa sana" anachinja jogoo. Kwenu mwenye nayo huanza kuulizia kazi za uraiani. Tena ilibidi muweke sheria kwamba wanaotiwa kisanduku cha juu wasifike nusu ya maafisa wa cheo hicho waliopimwa na mkubwa huyo, maana mkiliachia, jeshi zima litakuwa bora kuliko jeshi zima.

Jirani yenu kuna hazina iliyoanza kupokea dhahabu mwaka 1937, yenye wakia zipatazo milioni 147. Hakuna anayeongeza mkuo hata mmoja kwa kuandika vizuri. Upande wenu wa uzio, sifa zinachapwa usiku na mchana.

Wanaonigusa zaidi ni maafisa wanafunzi wa ROTC, wale wa vyuo vikuu, wanaokuja hapo kila kiangazi kwa kambi ya zaidi ya mwezi. Hupokezana uongozi: leo huyu ana seksheni, kesho yule ana platuni, na mkufunzi yuko nyuma na kadi yake ya kupimia. Anatakiwa apime tabia, uwepo, akili, anavyoongoza, anavyowakuza wenzake na anavyoleta matokeo. Yote hayo kwa kijana ambaye hajalala, dira mkononi, mbu sikioni, na kesho ni askari wa kawaida tena. Mimi nilikaa na mtoto mwaka mzima, bado nikaishia kwenye bidii.

Basi naomba kuwachangia maneno. Aliyepoteza platuni msituni: "Aliwapa askari wake fursa pana ya kuifahamu ardhi." Aliyesinzia zamu: "Hatetereki hata adui akikaribia." Aliyefoka kutwa nzima: "Uwepo wake ulihisiwa na wote."

Siwacheki. Nasi watumishi wa umma tuliletewa OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, mwaka 2004. Malengo yangu niliyaandika mwaka ulipokwisha, ndiyo maana yalitimia yote.

Ila utaratibu wenu mmoja nauvulia kofia: fomu 67-10-1A, ambamo anayepimwa anajieleza mwenyewe mafanikio yake, ili mkubwa asipate taabu ya kuyakumbuka. Kwa moyo huohuo, naambatanisha jibu lenu kwa barua hii. Nimeshaliandika lote na kisanduku cha juu nimekitia alama. Pa sahihi nimepaacha wazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu Mstaafu (anafaa kupita wengine)