Ombi la Mgao wa Maji, Kama Lilivyopewa Jua

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Pamoja ya Kudumu ya Kiufundi ya Misri na Sudan,
Khartoum.

YAH: OMBI LA MGAO WA MAJI YA MTO NILE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa bustani kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Nina nyanya, mchicha na matuta machache ya matikiti. Nawaandikia kwa unyenyekevu mkubwa, maana nimeusoma mkataba wenu wa tarehe 8 Novemba 1959 nikagundua kuwa kila asubuhi nachota maji yenu bila hata kuwapigia hodi.

Mkataba ule una hesabu tamu. Mlikadiria kwamba Aswan hupitisha mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Misri ikachukua bilioni 55.5, Sudan ikachukua 18.5. Zikabaki bilioni 10. Hapo moyo ulinidunda. Nikajua ndizo zetu sisi wa juu ya mto, Ethiopia, Uganda, Kenya, Tanganyika na wenzetu. Kumbe zimetengwa kwa ajili ya kupotea kwenye Bwawa Kuu la Aswan, ambalo hata ujenzi wake ulikuwa haujaanza, na mpotezaji mkuu ni jua. Jua likapata fungu. Ethiopia, inayotoa takriban asilimia 85 ya maji yanayofika huko, haikupata hata ndoo. Sikujua kuwa jua lina balozi hodari kiasi hicho mjini Cairo.

Basi siombi makubwa. Naomba bustani yangu isajiliwe kama mvuke. Sifa ninazo: nikimwagilia mchicha saa nne asubuhi, alasiri udongo ni vumbi, maji yameshapaa. Ziwa lenyewe ni shahidi yangu, kwani sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mvua na huondoka kwa mvuke. Kinachotoka ziwani pale Jinja, Uganda, kuja kwenu ni masazo ya jua, ambalo huku kwetu halijawahi kusaini chochote.

Utaratibu mliuweka wenyewe katika ibara ya tano. Nchi nyingine ikidai maji, ninyi wawili mtalichunguza dai na kutoka na kauli moja. Mkikubali kutoa chochote, kitakatwa nusu kwa nusu kwenye mafungu yenu, kwa kiasi kinachopimwa Aswan, na Kamati yenu itasimamia ili mpewaji asizidishe. Kipimo hicho cha Aswan kimenifurahisha sana. Ndoo yangu ikiachwa iende zake, itapita Jinja, Kyoga na Ziwa Albert, kisha itaingia kwenye kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, ambako karibu nusu ya maji yatokayo huku huishia. Bado haijaliona jangwa. Ikifika Aswan itakuwa labda jagi. Ndilo hilo jagi ninalowaomba mgawane hasara yake.

Kuhusu ukaguzi, nipeni mhandisi. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililozinduliwa 1954, lilitengewa mhandisi mkazi wa Misri kuangalia maji yanavyofunguliwa. Wangu atakuwa na kazi nyepesi zaidi. Atamkuta kijana wangu akivuta kamba ya pampu ya petroli, ikikohoa na kuzima. Ikiwaka, ataona mpira umetoboka na kufungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na maji yakirukia kando kustawisha magugu. Magugu hayo ayaandike kwa Misri au kwa Sudan, nitamwachia aamue.

Najua mtasema nimechelewa. Tarehe 4 Julai 1962 serikali yetu iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba ahadi ya Uingereza kwa Misri ya mwaka 1929, iliyotukataza kujenga miradi ya umwagiliaji au umeme bila ridhaa ya Misri, haiifungi Tanganyika. Mkataba wa nchi za bonde la Nile uliofunguliwa kusainiwa Entebbe mwaka 2010 umeanza kazi Oktoba 2024, nanyi hammo. Waethiopia wamezindua bwawa la mita za ujazo bilioni 74 Septemba 2025. Mimi tu ndiye bado napiga magoti.

Nina sababu, nayo naomba ibaki baina yetu. Ninyi ni kisingizio kizuri mno. Huku kwetu ukiuliza umwagiliaji unaanza lini, hukosi mkubwa wa kukujibu, kwa sauti ya chini, kwamba mambo ya Nile ni nyeti, ni ya kimataifa. Lakini maji ya ziwa hili yalivutwa hadi Shinyanga na Kahama na vita haikutokea. Na mpira wangu hakuutoboa mtu wa Cairo. Mkiniandikia barua yenye mhuri kwamba mmeridhia, wakubwa wetu watalazimika kutafuta sababu nyingine, na ningependa kuisikia.

Na mkulima wa Delta sina ugomvi naye. Nchi yake ina watu zaidi ya milioni 100 na mvua ya kuhesabu matone. Naye husubiri zamu mferejini kama sisi tunavyosubiri mradi.

Naomba jibu kabla ya Juni, kiangazi hakijakaza. Kama fomu ina ada, semeni, ila nisilipe kwa kipimo cha Aswan.

Wenu mtiifu,
Mvuke Mtarajiwa.

Nakala: Jua, kwa taarifa.